Kwanini Mkenya anatuzidi maziwa na sisi Wabongo tunamzidi wali? Tulinganishe sahani za majirani (na za mbali pia)

Mlaji Mwandamizi:

Wadau salama?

Kuna chati zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, nchi kwa nchi, nani anakula nyama kilo ngapi kwa mwaka, nani mchele kilo ngapi, na kila ikipita watu wanaanza kurushiana maneno, oh Waganda ndizi tu, oh Wakenya ugali asubuhi mchana jioni, oh Wabongo kila siku wali kama wapo harusini. Naona mjadala unaenda kombo kuanzia mwanzo kwasababu watu wanaamini nchi inakula kitu fulani kwa kuwa ndo asili yao. Asili ipi sasa? Mahindi yametoka Amerika, yakaja huku na meli za Wareno, muhogo nao njia ni ileile, na babu wa babu yako kama alikuwa bara kuna uwezekano mkubwa ugali wake ulikuwa wa mtama, ulezi au uwele. Leo ukimpikia kijana ugali wa mtama anakuuliza nani anaumwa sukari hapa ndani.

Hoja yangu iko hivi: ukitaka kujua kwanini nchi inakula inavyokula, mila iweke pembeni kwanza, angalia serikali ilimwaga hela wapi, ushuru umekaa wapi, halafu kaulize bei ya mkaa. Mila huwa inakuja nyuma inakaa kwenye kiti ambacho washakiandaa wengine.

Tuanze na maziwa maana hapa ndo tunaumbuka. Sisi tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, Kenya tunawaacha mbali, lakini Mkenya kwa wastani anakunywa kama lita 110 kwa mwaka na sisi takwimu rasmi zinacheza kwenye lita 60 na kitu. Watu watasema Mkenya anapenda chai ya maziwa na sisi tunapenda ya rangi. Sawa, ila upendo huo umetoka wapi? Walowezi waliingiza ng'ombe wa kizungu kule nyanda za juu, KCC (kampuni ya maziwa ya Kenya) ikaanzishwa 1925 kuwakusanyia maziwa yao, mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ukafungua mlango kwa wakulima Waafrika kufuga hao ng'ombe wa gredi, baada ya uhuru wakaendelea hapohapo, na 1979 rais Moi akaja na maziwa ya Nyayo mashuleni, vile vipakiti vya pembe tatu, watoto wa nchi nzima wanapewa bure. Kizazi kizima kimekua na pakiti ya maziwa mkononi halafu mtu anakwambia ni tabia ya Wakenya. Sisi ng'ombe wetu wengi ni wa asili, jike anatoa lita moja mbili kwa siku, wapo Simiyu, Shinyanga, Tabora huko, na mnywaji mwenye hela yupo Dar. Maziwa hayangojei lori kama mahindi.

Kwenye mchele sasa ndo tunawapiga. Kyela, Usangu, Kilombero, Kahama, tunaongoza Afrika Mashariki kwa kulima. Kenya wana Mwea, pishori yao nzuri hatukatai, ila haiwatoshi hata kidogo, sehemu kubwa wanaagiza na Pakistan ni kati ya wauzaji wao wakubwa. Na hapa kuna kitu kitamu wengi hawakijui. Ushuru wa pamoja wa EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) kwa mchele wa nje ni asilimia 75, lakini Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiomba ibaki na asilimia 35. Sababu? Pakistan ndo mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya pale mnada wa Mombasa. Ukimbana kwenye mchele anaweza akakubana kwenye chai. Yani mama wa Nairobi anayepika wali wa Pakistan, sufuria yake imeunganishwa na mkulima wa chai Kericho na hawajuani. Na Wapakistani wenyewe wana hali yao, Juni 2022 waziri wao wa mipango Ahsan Iqbal aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku kwasababu dola za kuagizia zimepungua. Waziri mzima anaomba watu wasinywe chai 😂

Mbali zaidi, Misri. Mkate wa ruzuku ulikuwa piastre 5 (senti zao) toka miaka ya 80 mpaka Juni 2024 ndo wakapandisha hadi 20. Sadat alijaribu kugusa ruzuku Januari 1977 mitaa ikawaka moto, akarudisha haraka sana. Matokeo yake ni nchi ambayo miaka mingi imekuwa ya kwanza au karibu na ya kwanza duniani kwa kuagiza ngano.

Na Japani, ambao kila mtu anajua ni watu wa wali. 1962 Mjapani mmoja alikuwa anakula kilo kama 118 za mchele kwa mwaka, siku hizi ni kama 50. Zaidi ya nusu imeyeyuka! Hela iliongezeka wakahamia nyama na maziwa, ndiyo, lakini pia baada ya vita watoto walikuwa wanapewa mkate shuleni kwa ngano ya Mmarekani, na wali umekuja kuingizwa rasmi kwenye chakula cha shule 1976. Fikiria, Japani hiyo.

Karibuni, mwenye hoja tofauti alete, matusi tuyaache.

chipsi_mayai_254na255:

Nimesoma yote nikiwa na sahani ya zege (chipsi mayai) hapa, ninashuhudia.

Mkuu umetaja mkaa halafu ukaupita mbio na hapo ndo penyewe. Mimi naishi chumba kimoja, natoka kazini saa moja usiku. Maharage makavu yanataka masaa, ukiyapika kwa gesi mtungi mdogo unalia, ukiyapika kwa mkaa unalala saa sita. Kwahiyo nanunua chips au chapati mbili na maharage ya mama ntilie ambaye yeye anapika sufuria kubwa mkaa mmoja anagawana gharama na wateja 60. Watu wanasema vijana wa mjini wamekuwa wavivu wanapenda vya kukaanga, njoo uishi huku uone. Ngano na mafuta vimeshinda kwasababu vinaiva dakika kumi, basi. Hata Kampala rolex imetamba hivyohivyo, chapati na mayai, unakunja unaondoka, wakati matooke yenyewe, zile ndizi za kupika, unafunga kwenye majani unaweka mvuke masaa.

Kariobangi Finest:

Niaje wasee, hii uzi iko poa. Mkenya hapa, wacha niongeze yangu.

Kwanza hizo lita 110 msidhani ni za pakiti za supermarket. Maziwa mengi huku yanauzwa mabichi, jamaa na mtungi kwa pikipiki, ama ile ATM ya maziwa unaweka shilingi zako unakingia chupa. Kwa hivyo kitu kimetusaidia sana ni mkulima ako na ng'ombe wawili watatu karibu na town, Kiambu, Nyandarua, Murang'a hizo sides, jioni maziwa iko Nairobi. Serikali ilianzisha, ok, lakini miaka ya 90 KCC ilianguka ikawa haiwalipi wakulima na bado watu wakaendelea kunywa. So hapo lazima ukubali mazoea yakishaingia yanajitegemea.

Mambo ya ugali, ni ukweli unga ni siasa huku. 2017 mwaka wa uchaguzi pakiti ya kilo mbili serikali ikaweka ruzuku ikauzwa 90 bob, mahindi yakatoka Mexico kwa meli. Na yalikuwa meupe, wasee walihakikisha ni meupe! Ukiletea Mkenya unga wa njano ni vita. Wazee wanakumbuka 1984 ile kiangazi, mahindi ya njano ya msaada, mpaka leo mathe akiona rangi hiyo anasema ni chakula ya kuku.

Mlaji Mwandamizi:

Kariobangi hapo kwenye njano umenigusa. Huku tulikuwa na unga wa yanga, baada ya njaa ya 1974 na kuendelea, msaada wa Marekani, waliokula wanasimulia kwa uso uliokunjamana. Sasa angalia ujinga wa hii kitu, njano ina zaidi kile ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A kuliko nyeupe, na nyeupe yenyewe tumeizoea kwasababu wakoloni walikuwa wanaiuza kwa viwanda vya wanga Uingereza vikawa vinataka nyeupe. Mila yetu ya "ugali lazima uwe mweupe" imeandikwa na mnunuzi wa London. Halafu tukaikaza zaidi kwa sembe, tunakoboa virutubisho tunampa ng'ombe pumba, dona tunasema ya mahabusu.

Na kuhusu mazoea kujitegemea, sijapinga. Nasema tu mazoea yana siku ya kuzaliwa.

Karani wa Takwimu:

Wakuu kabla hamjaendelea kupigana na kilo, mjue hizo kilo ni za nini. Chati nyingi zinatoka kwenye mizania ya chakula ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Wanachukua uzalishaji wa nchi, wanajumlisha kilichoagizwa, wanatoa kilichouzwa nje, wanatoa mbegu, wanatoa kilicholishwa mifugo, wanatoa kilichoharibika njiani na ghalani, kinachobaki wanagawa kwa idadi ya watu. Kwahiyo ni chakula kilichokuwepo, hakuna mtu aliyekaa mezani na mzani. Ukitupa wali jalalani nyumbani kwako kwenye chati umeula.

Madhara yake: Mmarekani anaonekana ana kama kilokalori 3,800 na ushee kwa siku. Hazili zote, nyingi zinaishia pipa la taka. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 2024 walisema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05, kwa wastani kilo 79 kwa kila mtu kwenye ngazi ya nyumbani, na msifikiri ni matajiri tu.

La pili, huyo Mmarekani analima mahindi kuliko mtu yeyote duniani lakini kwenye chati ya walaji wa mahindi humuoni juu, utawaona Lesotho, Malawi, Zambia, Mexico. Mahindi yake yameenda kwa kuku, nguruwe, ng'ombe na ethanoli ya magari. Anayala yakiwa yamegeuka paja la kuku na sharubati ya soda. Sasa ukisema Mmalawi anakula mahindi kuliko Mmarekani, ni kweli na si kweli kwa wakati mmoja.

La tatu, na kwangu ndo kubwa, kilo hazikwambii mfukoni kulikuwaje. Mjerumani mmoja Ernst Engel mwaka 1857 alipitia matumizi ya familia za Ubelgiji akaona familia ikiwa maskini zaidi ndo sehemu kubwa zaidi ya kipato inaenda kwenye chakula. Mpaka leo haijapinduka. Marekani chakula chote, cha nyumbani na cha hotelini, kinachukua kama asilimia 11 ya kipato, huku kwetu kaya nyingi ni nusu au inapita. Mayai yakipanda bei kule mtu analalamika mtandaoni, huku anaruka mlo wa mchana. Chati yenu ya kilo itaonyesha mstari uleule.

binti_wa_Mwanza:

Asante karani. Niongeze na ubaya wa wastani wa taifa. Wanasema Mtanzania anakula samaki kama kilo 8 kwa mwaka, dunia ni kama 20. Mimi niliyekulia Igombe kando ya ziwa nikisoma hivyo nacheka, samaki ni kila siku. Mtu wa Dodoma vijijini hajala wiki ya tatu. Kilo 8 hiyo hailiwi na yeyote kati yetu wawili.

Halafu sangara. Samaki wa kuletwa huyu, Waingereza miaka ya 50 huko, akala samaki wengine wa ziwa, minofu ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya na sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa, tunakaanga. Bei ya minofu ikapangwa na watu wasioliona ziwa. Dagaa nao siku hizi, wengine wanakwenda Congo, wengine wanasagwa chakula cha kuku, kwahiyo mama mwenye watoto anashindana sokoni na kuku. Hii kwenye chati inaingia "wamelishwa mifugo" kimyakimya.

Tahajudi:

Mkuu mleta uzi mbona dini umeiruka kama dimbwi? Nenda Ethiopia. Waorthodoksi wanafunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka, hakuna nyama hakuna maziwa hakuna mayai, na nchi ina ng'ombe wengi kuliko yoyote Afrika. Kwaresma yao ni siku 55, mabucha mengine yanafunga kabisa. Hiyo ni serikali gani imeweka ushuru? Ni imani. Shiro (mchuzi wa unga wa dengu) na dengu vinapanda, siagi inashuka, Pasaka ikifika unapindua tena. Na huku kwetu kitimoto (nyama ya nguruwe), kibanda kinajaa Sinza, ukienda mtaa wa pili hakigusiki hata kiwe bure. Bei ya mkaa haihusiki hapo.

Mlaji Mwandamizi:

Dini nakupa, sitabishana. Ila nayo angalia inafanya kazi upande gani: inakwambia usile nini na lini. Ule nini badala yake, hapo soko linarudi. Msomali wa Mogadishu ni Muislamu kama Mzaramo lakini yeye anakula pasta, tena na ndizi mbivu pembeni, kwasababu Mtaliano alikaa pale. Msahafu haujataja tambi.

Mama Shuwa:

Khabari zenu. Mie nipo Maskati, kwetu Unguja. Nawasoma nacheka.

Hapa nyumba zetu sie tuliotoka Zanzibar, Ijumaa utakuta mhogo wa nazi, samaki wa kupaka, asubuhi mandazi na chapati, na watoto waliozaliwa huku hawajui Darajani ilipo lakini mkate wa kumimina wanaujua. Mishkaki imekuwa ya Waomani wote sasa, barabarani inauzwa. Hakuna serikali iliyotupa ruzuku ya tui. Bei ya nazi hapa ukiijua utalia, na bado tunanunua. Haya eleza hilo kwa ushuru wako.

Ila kwa upande mwengine nikupe haki kidogo. Watu wanasema Mzanzibari kazaliwa na wali. Wali huo mwingi unatoka nje tangu zama za karafuu, ardhi nzuri yote ilipopandwa mikarafuu chakula kikawa cha jahazi na meli. Mpaka leo mchele wa mapembe unashuka bandarini kutoka Asia na mkisikia meli imechelewa mnajua wenyewe mji unavyokuwa. Sie tunapika pilau ya kuagiza kwa karafuu zetu.

Mlaji Mwandamizi:

Mama umeniweza na pia umenisaidia, sijui nikushukuru au ninune. Aliyehama ndo mtu pekee anayekula mila kwa bei yoyote, kwasababu kwake hicho si chakula cha kushiba tu. Lakini ukipiga hesabu ya wiki nzima nina uhakika basmati ya India na kuku wa frizani vinaushinda mhogo wa Ijumaa mbali sana. Kweli au uongo?

Mama Shuwa:

Kweli. Lakini Ijumaa ni Ijumaa, usinipigie hesabu.

Goma Town:

Bandugu, miye niko Goma, Kiswahili yetu mutatuvumilia. Huku Congo batu banakulaka bugali ya muhogo na sombe (majani ya muhogo), njo chakula ya karibu inchi yote, kwa muhogo tuko kati ya ba kwanza dunia nzima. Sababu moja ni hii: muhogo unakungoja ndani ya udongo. Vita ikikuja unakimbia, ukirudia kama haikuibiwa bado iko. Mahindi haikungojake. Hiyo hamukuandika, usalama nao inachagula chakula.

Na ile mambo ya vitu vya kuletwa, hata sambaza yetu (samaki kadogo) ya ziwa Kivu, batoto banafikiri ni ya huku tangu zamani, ilitolewaka Tanganyika mwisho ya miaka ya 1950. Fromage (jibini) ya Masisi nayo ilikuja na Babeleji. Leo mutu wa Goma akisafiri Kinshasa banamuomba alete fromage kama vile ni zawadi ya bababu. Barabara ikifungwa, maharagi ya Masisi na fromage vyote bei inapanda siku ile ile.

Karani wa Takwimu:

Goma hiyo ya muhogo kungoja ardhini ni hoja nzito kuliko zote humu, na wakoloni wenyewe waliilazimisha sehemu nyingi kama chakula cha akiba cha njaa, ikiwemo kwetu. Tunapodharau muhogo kuwa chakula cha shida, tujue uliwekwa hapo makusudi kwa ajili ya shida.

Ssebo wa Masaka:

Niko Uganda, nimekaa Dar kidogo kwahiyo naandika polepole. Mlianza uzi kwa kutuita watu wa ndizi tu. Kwanza ni sehemu, Buganda na magharibi ndiyo, kuna maeneo mtu anakula zaidi ya kilo 200 kwa mwaka, lakini nenda Teso au Acholi ni mtama, ulezi, muhogo. Pili, mleta uzi anasema serikali ikilisha watoto shuleni inaumba ladha, kama maziwa ya Nyayo na mkate wa Japani. Basi nieleze posho (ugali wa mahindi). Sisi tumelishwa posho na maharage shuleni miaka yote, kila siku, na mtu akimaliza shule hataki kuiona, inaitwa chakula cha shule na jela. Mahindi tunalima tunawauzia Kenya na Sudan Kusini. Kulishwa kumetufanya tuichukie.

Mlaji Mwandamizi:

Ssebo hii ni nzuri, ngoja nijaribu. Maziwa yalikuja kama zawadi juu ya kile alichokuwa nacho mtoto, tena wengine nyumbani hawana. Posho imekuja mahali pa matooke ambayo mtoto anaijua na anaitaka. Ukimpa mtu kitu cha bei rahisi badala ya kile anachokiheshimu, atakula kwa sababu hana pa kwenda, akipata hela anakimbia. Ndo ileile ya yanga kwetu na njano ya Kariobangi. Ila nikuulize, sasa hivi Kampala bei ya mkungu na bei ya mkaa zikipanda pamoja, yule aliyesema hataki posho anapika nini kwake?

Ssebo wa Masaka:

Anapika posho. Lakini akija mgeni tunatafuta matooke hata kwa kukopa.

Kariobangi Finest:

😂😂 Wacha niulize swali ya maana sasa, huo mchele wa Kyela nikifika Namanga naupata kwa bei gani gunia, na si ule umechanganywa?